Mguu Kwenye Pedali: Namna ya Kujikinga na Mionzi Tunapounga Mifupa

Msumari umeshapita kwenye paja na umekaa vizuri. Mgonjwa ni kijana wa bodaboda, amegongwa jioni, mfupa wa paja umevunjika katikati. Kilichobaki ni kazi inayomtoa jasho kila daktari wa mifupa: kuyapata matundu mawili ya mwisho wa msumari, karibu na goti, ili skrubu zipite na kuufunga usizunguke. Matundu hayo yamefichwa na nyama na mfupa. Yanaonekana kwenye skrini ya siamu tu, ile mashine ya eksirei yenye mkono uliopinda kama herufi C. Daktari ameinama. Mkono wa kushoto umeshikilia ncha ya drili juu ya goti, macho yako kwenye skrini, mguu wa kulia umekanyaga pedali. Zinapita sekunde kumi, ishirini, na mguu haujaondoka. Pembeni mwa msumari, kwenye skrini ileile, imetokea mifupa ya vidole vyake mwenyewe.

Nimewahi kuwa daktari huyo, tena si mara moja. Aliyenifundisha kazi alifanya hivyo, nami nikaona ndivyo inavyofanywa. Hakuna aliyenikumbusha kwamba upande wa pili wa meza amesimama nesi aliyeushika mguu wa mgonjwa, na kwamba yeye hana pedali. Kila sekunde niliyokanyaga mimi, aliipokea na yeye.

Ninayoyaandika hapa nayaelekeza kwa wenzangu wa mifupa na kwa vijana wanaosomea ubingwa. Nyingi ya mbinu hizi hazigharimu hata shilingi. Nasema hivyo mapema kwa sababu tukizungumzia kinga ya mionzi, mazungumzo huishia haraka kwenye vifaa ambavyo hospitali haina. Kweli vifaa vinahitajika, na tutafika huko. Lakini kinga kubwa kuliko zote iko kwenye mguu wako na mahali unaposimama.

Mgonjwa ndiye taa

Tukifikiria hatari ya eksirei, wengi wetu tunaitazama mashine. Mashine inatoa mwale unaotoka kwenye tyubu kwenda kwenye kipokezi cha picha, na ukikaa nje ya njia yake haukupigi. Kinachotufikia sisi tuliozunguka meza ni mionzi iliyougonga mwili wa mgonjwa ikatawanyika pande zote. Kwa hiyo siamu inapowaka, taa ni mgonjwa. Paja, nyonga au mgongo wake ndio unaotumulika, na unamulika zaidi upande ule mwale unakoingilia kuliko upande unakotokea. Shika jambo hili moja, maana karibu kila nitakachoeleza kinatokana nalo.

Kwa hesabu ya jumla, mtu aliyesimama mita 1 kutoka kwa mgonjwa anapata kama sehemu 1 kwa 1,000 ya mionzi inayoingia kwenye ngozi ya mgonjwa. Ni kidogo, na ni vizuri kulijua hilo ili tusiogope kupita kiasi. Sasa igeuze hesabu hiyo. Mkono uliojiingiza kwenye mwale, upande wa tyubu, unapata karibu mara 1,000 ya anachopata huyo aliyesimama pembeni. Sekunde 1 ya vidole vyako pale ni sawa na zaidi ya dakika 16 za kusimama mita 1 na pedali imekanyagwa muda wote. Upande wa kipokezi kuna nafuu, kwa kuwa mwili wa mgonjwa umeshazuia sehemu kubwa, lakini nafuu hiyo isikupe ujasiri wa kuweka mkono.

Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alikuwa akizijaribu tyubu za eksirei kwa kuuweka mkono wake mwenyewe mbele ya mwale. Ulipoharibika mmoja alitumia wa pili. Alikatwa mikono, na mwaka 1904 alifariki. Zilikuwa zimepita miaka tisa tu tangu Röntgen agundue eksirei mwaka 1895. Mashine zetu za leo haziunguzi namna hiyo, ila mkono wa daktari wa mifupa unarudi kwenye mwale kwa miaka thelathini.

Viwango vinavyotumika duniani vinatoka kwa Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi. Kwa mfanyakazi, mwili mzima usizidi wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, ukipigiwa hesabu kwa miaka mitano, na mwaka wowote mmoja usivuke 50. Mikono imewekewa 500. Lenzi ya jicho iliruhusiwa 150 kwa muda mrefu, mpaka mwaka 2011 tume ilipoishusha hadi wastani wa 20, baada ya kuonekana kwamba mtoto wa jicho husababishwa na kiasi kidogo cha mionzi kuliko ilivyodhaniwa. Kwa kulinganisha, mionzi ya asili, ya ardhi, anga na chakula, humpa mtu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka. Daktari wa mifupa anayefanya kazi kwa utaratibu hubaki chini sana ya kikomo. Anayekanyaga pedali ovyo, bila kola na bila beji ya kupimia mionzi, hawezi kusema yuko wapi, kwa sababu hajapimwa.

Kanyaga, achia, tazama

Siamu nyingi huibakiza picha ya mwisho kwenye skrini baada ya pedali kuachiwa. Maana yake ni kwamba huhitaji kuendelea kukanyaga ili uendelee kuona. Gusa pedali, achia, kisha tazama picha iliyotulia kwa muda unaoutaka. Itazame hata dakika nzima. Ukishaamua la kufanya, lifanye pedali ikiwa huru, halafu gusa tena kuhakikisha. Anayesogeza waya huku amekanyaga ni kama anayetafuta funguo kwa kuzungusha tochi chumba kizima. Anaona vingi na hakumbuki kimoja.

Turudi kwa yale matundu ya msumari. Kwanza izungushe siamu au mguu wa mgonjwa mpaka tundu lionekane duara kamili. Likionekana kama yai, mwale haujalingana na tundu, na hapo drili haitapita hata ukikanyaga pedali nusu saa. Rekebisha kwa picha mojamoja. Duara likikamilika, mashine isiguswe tena. Shika kisu au ncha ya drili kwa koleo refu, usitumie vidole, uiweke katikati ya duara kwa picha moja au mbili. Kisha toa koleo, inua drili ielekee sambamba na mwale, toboa bila pedali. Ukihisi imepenya upande wa pili, picha moja ya kuthibitisha inatosha. Vijana wanaofundishwa hivi tangu mwanzo huona ni jambo la kawaida. Sisi wakubwa ndio tunaotaabika kuacha ya zamani.

Kuna mipangilio ya kumwomba mtaalamu wa eksirei kabla ya kuanza. Mashine nyingi zina mionzi ya mapigo, inayowaka na kuzimika mara kadhaa kwa sekunde badala ya kuwaka mfululizo, na kiwango cha chini cha mapigo kinatosha kwa kazi nyingi za mifupa. Milango ya mwale ifungwe ibakize sehemu unayoihitaji: mionzi inayotawanyika hupungua na picha yenyewe huwa safi zaidi. Kukuza picha kwa kitufe huongeza dozi, basi ukitaka kuona vizuri isogeze skrini karibu na macho yako. Hili la skrini ni dogo mno na linapuuzwa kupita yote. Ikiwa nyuma ya bega lako utajikuta unapiga picha mbili, moja ya kugeuka na moja ya kuangalia.

Halafu kuna suala la lugha. Ukimwambia mtaalamu wa eksirei "sogeza juu", unamaanisha juu kuelekea kichwa cha mgonjwa au juu kuelekea dari? Nimewasikia watu wawili wenye nia njema wakibishana juu ya neno hilo huku picha tano zikipigwa, zote za mahali pasipotakiwa. Kubalianeni kabla ya kunawa. Sisi tunasema "kichwani" na "miguuni" kwa kusogeza mashine kufuata mwili, "dari" na "sakafu" kwa kupandisha na kushusha, "piga" kwa picha moja tu. Mashine ikishapata mahali pazuri, bandika plasta sakafuni kwenye magurudumu yake. Ikiondolewa na kurudishwa, inarudi palepale bila picha za kutafuta.

Mahali pa kusimama

Kwa kuwa mgonjwa ndiye taa na anamulika zaidi upande wa tyubu, tyubu ikae chini ya meza na kipokezi kiwe juu, karibu kabisa na mwili. Hapo sehemu kubwa ya mionzi inayotawanyika inaelekea sakafuni. Ukiigeuza tyubu juu, kwenye paja, nyonga au mgongo, unaielekeza mionzi hiyo hiyo usoni kwako, kwenye macho na shingo. Picha ya ubavuni inapopigwa, simama upande wa kipokezi. Kama kazi inakulazimisha usimame upande wa tyubu, rudi nyuma kabla ya kila picha.

Na kurudi nyuma kuna faida ambayo watu hawaiamini mpaka waifanyie hesabu. Ukiongeza umbali mara mbili, dozi inashuka hadi robo. Aliyeko nusu mita akisogea hadi mita 1 anapata robo; akifika mita 2 anapata sehemu 1 ya 16. Ni hatua mbili tu. Picha nyingi za thieta hazihitaji mtu ashike chochote, ila tumezoea kuganda palepale kwa sababu mikono imetakaswa na tunaogopa kuichafua. Ikunje mikono kifuani, rudi hatua mbili, sema "piga".

Wanaoutibu uti wa mgongo walichukulie hili kwa uzito zaidi. Mwili ni mnene pale, mashine huongeza nguvu yenyewe ili picha ionekane, na mtawanyiko huongezeka pamoja nayo. Rampersaud na wenzake, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2000, walipima mionzi wakati wa kuweka skrubu za uti wa mgongo wakakuta inafika mara 10 hadi 12 ya ile ya upasuaji mwingine wa mifupa.

Gauni, kola, miwani

Tafiti za nchi nyingi zimekuta hali inayofanana: gauni la risasi huvaliwa na wengi, kola ya shingo na wachache, miwani ya risasi na wachache zaidi. Gauni la unene wa milimita 0.25 huzuia takriban asilimia 90 ya mionzi iliyotawanyika, na la milimita 0.5 huzuia zaidi. Lakini gauni la mbele tu linamkinga anayeielekea meza. Ukigeuka kuchukua kifaa wakati picha inapigwa, mgongo uko wazi. Kama lipo la vipande viwili, fulana na sketi, chukua hilo. Linazunguka mwili na uzito unabebwa na kiuno badala ya mabega.

Angalia pia tundu la mkono. Gauni likiwa kubwa kuliko mwili, kwapa hubaki wazi, na mionzi hupitia hapo hadi sehemu ya juu ya titi upande wa nje. Tafiti za Marekani zilizochapishwa mwaka 2010 na 2012 zilikuta saratani ya matiti kwa madaktari wanawake wa mifupa ni nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Hazikuthibitisha kwamba chanzo ni mionzi. Mimi sioni sababu ya kusubiri uthibitisho ili kuwatafutia wenzetu magauni yanayowatosha, yenye kizibo cha kwapani. Gauni la saizi moja kwa watu wote ni uzembe wa manunuzi.

Tezi ya shingo iko wazi juu ya gauni, kwa hiyo kola si pambo. Miwani iwe na kinga ya pembeni, kwa sababu tunatazama skrini na mionzi inaingilia ubavuni mwa uso. Glavu za risasi siziungi mkono kwa kazi ya ndani ya mwale. Zikionekana kwenye picha, mashine hudhani mwili umekuwa mnene na kuongeza nguvu, ukaishia kumwongezea kila mtu dozi, ukiwemo wewe. Toa mkono tu.

Gauni likikunjwa na kutupwa kwenye kiti, risasi iliyomo hupasuka taratibu kwenye mkunjo, na kwa nje huoni kitu. Litundikwe kwenye hanga pana. Angalau mara moja kwa mwaka litandazwe na kuangaliwa kwa eksirei yenyewe. Tulipofanya hivyo katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, gauni lililokuwa likigombaniwa kwa wepesi wake lilikuwa na ufa mrefu unaokatiza tumboni. Wepesi ule ndio uliotufanya tulipende, na hakuna aliyekuwa amejiuliza kwa nini ni jepesi.

Beji ikae mwilini

Nchini Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki inasimamia matumizi ya mionzi chini ya Sheria ya mwaka 2003, na huduma ya kupima beji za wafanyakazi ni sehemu ya kazi yake. Kenya wana mamlaka yao ya kudhibiti nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kwa hiyo wa kusoma beji yupo. Wa kuivaa ndiye anayekosekana. Kwa muda mrefu beji yangu ilikaa kwenye droo ya ofisi, na kila mara majibu yalirudi safi. Nilikuwa nimeipima droo. Mwenzangu mmoja aliiacha imebanwa kwenye gauni, gauni likaachwa limetundikwa kwenye chumba cha eksirei, nayo ikasoma ya chumba.

Beji ya kwanza ivaliwe kifuani, chini ya gauni. Ukipata ya pili, iweke kwenye kola, nje, ikuonyeshe macho na shingo vinapata nini. Majibu yakija yasomwe hadharani kwenye kikao cha idara. Namba ya mtu ikipanda ghafla, aulizwe kwa upole: umebadili aina ya upasuaji, umesimama upande gani, unamfundisha nani? Ikigeuzwa kuwa kosa la nidhamu, mwezi unaofuata beji zote zitarudi droo.

Kwa mama mjamzito, awe daktari, nesi au mtaalamu wa eksirei, kiwango kinachotakiwa ni mtoto tumboni asizidi milisivati 1 kwa muda wote uliobaki wa ujauzito tangu alipoutangaza. Anahitaji beji ya tumbo chini ya gauni na kupangiwa kazi upya kwa makubaliano naye. Hakuna atakayeutangaza mapema kama anajua atanong'onwa kwamba anakwepa kazi. Hapo mkuu wa idara ndiye mwenye kuamua hali itakuwaje.

Pale mashine isipohitajika

Kipo pia kizazi cha madaktari wetu waliounga mapaja bila siamu, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo. Shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, lilibuni msumari unaofungwa kwa mkono wa nje unaoelekeza drili kwenye tundu bila kutegemea eksirei. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni miongoni mwa vituo vilivyoutumia kwa wagonjwa wengi. Nimewaona vijana wakiuona kama njia ya maskini, kitu cha kuvumilia mpaka siamu ije. Sikubaliani nao. Daktari anayejua kulipata tundu kwa kipimo na kwa hisia ya mkono, akipewa siamu, atapiga picha chache kuliko aliyezaliwa nayo. Fundisheni njia zote mbili, na ya kwanza isiachwe mashine mpya inapofika.

Kesho ukiingia thieta, kabla ya kunawa, zunguka meza kwa macho. Mtazame anayeshika mguu wa mgonjwa, mwanafunzi aliyesimama kwenye kistuli, mtaalamu wa usingizi kule kichwani. Ukimwona asiye na gauni, mwambie akavae au atoke nje ya mlango. Msubiri. Kisha ndipo ukanyage.